Mwongozo Kamili: Kupima Jinsi Viyeyushi na Ioni Kinzani Vinavyotawala Uvimbaji wa Geli za Polielektroliti

Geli ya sodiamu poliakrileti, ile iliyomo ndani ya nepi, ni polielektroliti, yaani imejengwa kwa minyororo mirefu yenye chaji nyingi. Hunywa maji yaliyokenekwa hadi mara mia kadhaa ya uzito wake. Ukiitia kwenye maji ya chumvi ya 0.9%, hubaki na mara 30 hadi 50 tu. Ukiitia kwenye ethanoli, husinyaa ikawa kipande kigumu cheupe. Katika hali zote tatu minyororo ni ile ile na vifundo vinavyoishikanisha ni vile vile. Kinachobadilika ni idadi ya ioni zilizo huru ndani ya geli, na tofauti kati ya idadi hiyo na ile iliyo nje.

Ndiyo maana kipimo chochote cha uvimbaji kinaanzia kwenye kuhesabu ioni. Anayepima uzito peke yake atapata namba nyingi asizoweza kuzilinganisha.

Kinachovuta kiyeyushi ndani

Mnyororo wa poliakrileti una kikundi kimoja cha kaboksili katika kila kizio. Kikundi hicho kikipoteza protoni hubaki na chaji hasi, na kila chaji hasi lazima iwe na ioni chanya inayoisawazisha. Hiyo ndiyo ioni kinzani: sodiamu, potasiamu, kalisi na kadhalika. Haiwezi kutoka kwenye geli bila nyingine kuingia badala yake, kwa sababu geli nzima haina budi kubaki bila chaji. Kwa hiyo ioni hizo hujazana ndani, hujenga shinikizo la osmosisi, na kiyeyushi huingia kuzipunguza ukali. Minyororo inayonyooka huvuta kurudi. Geli hutulia pale nguvu hizo mbili, pamoja na mapenzi ya mnyororo kwa kiyeyushi chenyewe, zinapolingana.

Si ioni zote zinazofanya kazi. Mwaka 1969 mwanakemia Gerald Manning alionyesha kwamba mnyororo wenye chaji zilizosongamana hushikilia sehemu ya ioni zake kando yake. Kipimo cha kuangalia ni urefu wa Bjerrum, yaani umbali ambao mvutano wa chaji mbili unalingana na nishati ya joto. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi, gawanya 56 kwa kipimo cha dielektriki cha kiyeyushi (uwezo wake wa kudhoofisha mvutano wa chaji, hapa kwenye mabano), utapata urefu huo kwa nanomita:

- Maji (78.4): 0.71
- DMSO, yaani dimethili salfoksidi (47): 1.2
- Methanoli (33): 1.7
- Ethanoli (24.5): 2.3
- Asetoni (21): 2.7

Chaji kwenye poliakrileti zimeachana kwa nanomita 0.25. Katika maji, sehemu ya ioni za chaji moja iliyo huru ni 0.25/0.71, karibu 35%. Kwa ioni za chaji mbili, kila ioni inabeba chaji mbili na mvutano ni maradufu, hivyo chaji ya mnyororo inayobaki bila kufunikwa ni karibu 18% tu. Katika ethanoli hesabu hiyo hiyo inatoa 11% kwa ioni za chaji moja, na hali halisi ni mbaya zaidi, kwa sababu ioni huungana na chaji za mnyororo kuwa jozi, na jozi zenyewe huvutana na kukusanyika.

Hatua ya 1: Tengeneza geli yenye umbo moja

Unga wa viwandani unafaa kwa majaribio ya haraka. Kwa kazi ya kulinganisha haufai sana: punje zake zina ukubwa tofauti, kwa kawaida hazijasawazishwa kikamilifu kwa sodiamu, na mara nyingi ganda lake la nje lina vifundo vingi kuliko kiini. Geli uliyotengeneza mwenyewe inaondoa mashaka hayo.

Kwa mililita 40 unahitaji:

- asidi ya akriliki, gramu 7.2 (moli 0.1)
- haidroksidi ya sodiamu, gramu 3.0 (moli 0.075)
- methilini-bis-akrilamidi, gramu 0.154 (moli 0.001), ndiyo inayofunga vifundo
- amonia pasalfeti, gramu 0.07, ya kuanzisha mmenyuko
- maji yaliyokenekwa

Fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa, ukiwa na glavu na miwani. Asidi ya akriliki huunguza, na mvuke wake unasumbua macho na koo. Ikiwa imeganda kwenye chupa (huganda karibu na nyuzi 13), iache iyeyuke polepole kwenye joto la chumba, kisha uichanganye vizuri. Kuipasha kwa nguvu kunaweza kuanzisha mmenyuko wa ghafla, kwa kuwa sehemu iliyoyeyuka kwanza haina kizuizi cha kutosha.

Yeyusha haidroksidi katika mililita 20 za maji, poza kwenye barafu, kisha uidondoshe taratibu kwenye asidi iliyo ndani ya beseni la barafu. Ongeza kifunga vifundo, koroga hadi kiyeyuke, ongeza maji yafike karibu mililita 39. Pitisha naitrojeni kwa dakika 20; oksijeni ikibaki, geli haitashika au itakuwa laini juu na ngumu chini. Ongeza pasalfeti iliyoyeyushwa katika mililita 1 ya maji, kisha jaza kwenye mirija yenye kipenyo cha ndani cha milimita 6, ziba, na weka kwenye maji ya nyuzi 60 kwa saa 4. Mirija myembamba si urembo. Mmenyuko huu hutoa joto jingi, na ukifanyika ndani ya bika kubwa mchanganyiko unaweza kuchemka, ukaacha viputo na vifundo visivyo na mpangilio.

Toa mkuki wa geli kwenye mrija, ukate visahani vya unene wa milimita 2. Kila kimoja kitakuwa na karibu miligramu 10 za mtandao mkavu.

Hatua ya 2: Geuza visahani vyote kuwa vya asidi

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayofanya ulinganisho wa ioni uwe wa haki. Ukitengeneza geli moja na litiamu na nyingine na potasiamu tangu mwanzo, utapata mitandao miwili tofauti. Anza na mtandao mmoja, kisha ubadilishe ioni.

Tia visahani vyenye jumla ya gramu 0.5 katika mililita 500 za asidi hidrokloriki ya molari 0.1. Badilisha asidi mara tatu, kila siku mara moja. Kisha osha kwa maji yaliyokenekwa, ukibadilisha asubuhi na jioni, hadi upitishaji umeme wa maji ya kuoshea ukaribie ule wa maji mapya. Uoshaji huu pia unatoa minyororo ambayo haikufungwa. Ikibaki, itatoka wakati wa kipimo na uzito wako mkavu utakuwa wa uongo.

Kausha hewani kwanza, kisha kwenye nyuzi 60 zisizozidi, hadi uzito usibadilike. Joto kali hutengeneza anhidridi kati ya vikundi vya asidi, na hivyo kuongeza vifundo ambavyo hukuvipanga. Pima kila kisahani kwa mizani inayosoma miligramu 0.1, kipe namba, na andika uzito wake. Huu ndio uzito wa rejea hadi mwisho wa kazi.

Kwa nini uzito wa asidi na si wa chumvi? Kwa sababu ioni zenyewe zina uzito. Gramu 1 ya litiamu poliakrileti ina milimoli 12.8 za kaboksili. Ya sodiamu ina 10.6; ya potasiamu 9.1, ya sesiamu 4.9, ya tetrabutilamonia 3.2 tu. Ukiripoti gramu za maji kwa gramu ya chumvi kavu, sesiamu itaonekana kuvimba nusu ya sodiamu hata kama mitandao imefunguka sawasawa.

Hatua ya 3: Weka ioni unayoitaka

Kisahani cha miligramu 10 kina milimoli 0.139 za kaboksili. Kusawazisha 90% yake kunahitaji milimoli 0.125, yaani mililita 1.25 za haidroksidi ya molari 0.1. Weka kisahani katika mililita 200 za maji, ongeza kiasi hicho cha haidroksidi ya litiamu, sodiamu, potasiamu, sesiamu au tetrabutilamonia, funga chombo kisiingize hewa, na usubiri siku tatu.

Usilenge 100%. Haidroksidi inayozidi hubaki nje kama chumvi na kupunguza uvimbaji, wakati 10% ya asidi iliyobaki haikupotezei kitu, kwa kuwa ioni za ziada kwenye mnyororo uliojaa chaji hushikiliwa tu. Usiiache pia wazi: kaboni dayoksaidi ya hewani hushusha pH ya maji safi hadi karibu 5.6, protoni zikaingia na sodiamu ikatoka, na geli ikapungua polepole siku baada ya siku bila sababu inayoonekana.

Haidroksidi ya tetrabutilamonia huunguza ngozi vibaya. Ndugu yake, ya tetramethilamonia, ni hatari zaidi: hupenya ngozi na inaweza kuua. Kama huna sababu ya lazima, usiitumie.

Tumia vyombo vya plastiki. Kioo cha kawaida huachia sodiamu na kalisi kidogo, na katika maji safi kidogo hicho kinaonekana kwenye matokeo.

Hatua ya 4: Pima ikiwa imetulia

Muda wa kutulia hufuata mraba wa nusu-unene. Chukua mgawo wa mtawanyiko wa mita za mraba 10⁻¹⁰ kwa sekunde kama makadirio: kipande chenye nusu-unene wa milimita 0.5 kinahitaji chini ya saa moja, cha milimita 5 kinahitaji karibu siku tatu. Visahani vyetu vikivimba hufikia nusu-unene wa milimita 3 hivi, kwa hiyo siku moja na zaidi. Pima kila baada ya saa 12, na ukubali namba pale vipimo viwili mfululizo vinapotofautiana kwa chini ya 1%.

Toa kisahani kwa kijiko chenye matundu, kigusishe ukingo kwenye karatasi ya chujio ili maji ya juu yatoke, bila kukikandamiza, kisha pima. Uvimbaji, Q, ni uzito wa kimiminika kilichoingia ukigawanywa kwa uzito wa mtandao wa asidi. Toa kwanza uzito wa ioni uliyoiongeza. Kwa sesiamu na tetrabutilamonia unazidi ule wa mtandao wenyewe. Kwa michanganyiko ya ethanoli, badilisha uzito kuwa ujazo kwa kutumia msongamano (ethanoli ya 50% kwa uzito ni gramu 0.914 kwa mililita kwenye nyuzi 20).

Ukitumia unga, weka gramu 0.100 katika kifuko cha nailoni chenye matundu madogo, zamisha katika mililita 500 kwa saa moja, ning'iniza dakika 10, na pima. Fanya vivyo hivyo kwa kifuko kitupu ili utoe uzito wake kikiwa kimelowa. Ujue kwamba sehemu ya maji unayopima iko kati ya punje, wala haimo ndani yake. Ndiyo sababu unga huonekana kunywa zaidi ya kisahani.

Chumvi ya ioni ile ile

Andaa kloridi ya sodiamu ya milimolari 0.1, 1, 10 na 100 kwa geli ya sodiamu. Kloridi ya litiamu kwa geli ya litiamu, na kadhalika. Ukichanganya aina, utakuwa unapima mambo mawili kwa wakati mmoja.

Tazama hesabu hii kwa makini, maana inaeleza karibu kila kitu kuhusu chumvi. Chukua geli ya sodiamu iliyovimba mara 300 katika maji safi. Milimoli 10.6 kwa gramu, ndani ya mililita 300, ni milimolari 35; asilimia 35 ya hizo ziko huru, yaani 12. Nje hakuna kitu, hivyo zote 12 zinasukuma: karibu kilopaskali 30.

Sasa geli hiyo hiyo katika chumvi ya milimolari 154 (ndiyo ile ya 0.9%), ikiwa imevimba mara 40. Ndani kuna milimolari 265 za chaji, na 93 ziko huru. Lakini chumvi imeingia pia. Kwa usawa wa Donnan, kanuni ya jinsi chumvi inavyogawanyika kati ya geli na nje, ziada ya ioni za ndani juu ya nje ni kipeuo cha pili cha (93² + 308²), toa 308 (mara mbili ya 154, yaani sodiamu na kloridi za nje): milimolari 14. Kati ya 93 zilizo huru, ni 14 tu zinazosukuma, karibu kilopaskali 35. Masukumo mawili yanakaribiana, uvimbaji umetofautiana mara saba na nusu. Chumvi haikuufunga mnyororo. Imeondoa tofauti ya ndani na nje, na geli imelazimika kusinyaa hadi ipate tofauti ya kutosha tena.

Kutokana na hesabu hiyo utategemea chumvi ya milimolari 0.1 isibadilishe sana, na mteremko uanze chumvi inapofikia kiwango cha ioni huru za ndani. Chora logi ya Q dhidi ya logi ya chumvi. Nadharia ya Flory kuhusu uvimbaji wa geli inatabiri mteremko wa −0.6 pale chumvi inapotawala. Mteremko mlalo zaidi mara nyingi unamaanisha vifundo ni vingi na minyororo mifupi, au bado uko kwenye eneo la mpito.

Kalisi

Hapa makosa ni mengi, na chanzo chake ni ukubwa wa beseni. Kisahani kimoja kinahitaji milimoli 0.07 za kalisi ili kibadilishwe chote. Mililita 200 za kloridi ya kalisi ya milimolari 0.1 zina milimoli 0.02 tu. Geli huipenda kalisi kuliko sodiamu, hivyo itaichukua karibu yote, beseni litabaki na sodiamu, na utaandika "milimolari 0.1" kwa mmumunyo ambao hauna tena kalisi hiyo. Tumia lita kadhaa, au badilisha beseni mara nyingi, au ripoti uwiano wa kalisi kwa kaboksili badala ya ukolezi. Uwiano ndio ushauri wetu.

Katika milimolari 1 na kuendelea, kisahani hugeuka cheupe kuanzia ukingoni na kuwa kigumu. Sababu ni tatu kwa pamoja: idadi ya ioni imepungua kwa nusu, zilizobaki zimeshikwa zaidi, na kalisi moja hushika kaboksili za minyororo miwili, kikawa kifundo kipya. Hiki cha tatu ndicho kinachozuia kurudi kwa kuosha na maji. Ili kurudisha, tumia asidi hidrokloriki ya molari 0.1, kisha osha na anza tena Hatua ya 3. Alumini na chuma chenye chaji tatu hushika hata zaidi. Maji ya bomba yana kalisi na magnesi, hivyo yasiguse geli hizi hata kwa kuoshea vyombo mara ya mwisho.

Viyeyushi

Pima ethanoli kwa uzito, si kwa ujazo: mililita 50 za maji na 50 za ethanoli hazifiki 100. Andaa 0, 20, 30, 40, 45, 50, 55, 60, 70, 80 na 95%. Vipimo vimebanana katikati kwa makusudi, kwa kuwa geli ya sodiamu mara nyingi husinyaa kati ya 40 na 60%.

Anza na kisahani kilichovimba katika maji, ukipandishe hatua kwa hatua. Kisahani kikavu ukikitia moja kwa moja kwenye 60% hubaki kigumu kama kioo kwa siku nyingi, na utadhani kimetulia. Kosa la upande wa pili ni kuruka kutoka maji hadi 70% kwa mara moja: ganda la nje husinyaa kwanza, hufunga maji ndani, na kisahani hutoka malengelenge. Kila hatua tumia mililita 100 na ubadilishe mara mbili, kwa kuwa geli hubeba maji yake na kupunguza ethanoli. Kisha rudi chini hatua zile zile. Kama kusinyaa na kuvimba hakutokei kwenye asilimia ile ile, hilo ni tokeo, liandike.

Usinyaaji unaweza kuwa wa ghafla. Mwaka 1978 Toyoichi Tanaka wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha kwamba geli ya akrilamidi iliyokaa muda mrefu husinyaa kwa ghafla katika mchanganyiko wa asetoni na maji, ilhali ile mpya hupungua kwa mfululizo. Baadaye ilieleweka kwamba geli iliyokaa ilikuwa imepata chaji chache kwa hidrolisisi, yaani kuvunjwa na maji.

Jaribio lenye maana kuliko yote ni hili: visahani vitatu vya mtandao mmoja, kimoja cha asidi, kimoja cha sodiamu, kimoja cha tetrabutilamonia, vyote vipelekwe hadi ethanoli ya 95%. Cha sodiamu husinyaa. Cha asidi hubaki kimevimba, kwa kuwa ethanoli ni kiyeyushi kizuri cha asidi ya poliakriliki. Kwa hiyo ethanoli haikuukataa mnyororo; kilichokataliwa ni jozi ya ioni. Cha tetrabutilamonia nacho hubaki kimevimba, kwa sababu ioni hiyo ni nene, haiwezi kuikaribia kaboksili, na minyororo yake ya butili inaipenda ethanoli. Sada na wenzake wa Japani walilipeleka wazo hilo mbali mwaka 2007, wakapata geli zenye ioni kubwa zinazovimba katika viyeyushi visivyo na polariti.

Kati ya litiamu, sodiamu, potasiamu na sesiamu, tofauti katika maji ni ndogo. Hujitokeza kwenye michanganyiko. Usitabiri mpangilio kwa ukubwa wa ioni. Ioni ndogo huvutwa zaidi ikiwa uchi, lakini pia hushikilia maji yake kwa nguvu, na kiyeyushi ndicho kinachoamua lipi litashinda. DMSO, kwa mfano, huzikumbatia ioni chanya lakini huziacha hasi. Alkoholi huzipa hasi vifungo vya haidrojeni. Ndiyo sababu kipimo cha dielektriki peke yake hakitoshi kupanga viyeyushi.

Ukitaka kuongeza chumvi kwenye michanganyiko ya ethanoli, chagua kloridi ya litiamu, inayoyeyuka vizuri humo. Salfeti na fosfeti hutuama, na ukungu wake huonekana kama geli inayosinyaa. Funga vyombo imara, ethanoli huvukiza mbele ya maji. Andika namba za visahani kwenye kifuniko kwa penseli, maana asetoni na ethanoli hufuta wino.

Kutupa

Geli iliyovimba isimwagwe kwenye sinki, itaziba bomba. Itie kwanza kwenye kloridi ya kalisi ya 5% hadi iwe kipande kidogo kigumu, ichuje, na uitupe kama taka ngumu. Visahani vyenye tetrabutilamonia na masalio ya ethanoli na asetoni viende kwenye chombo cha taka za kemikali za kikaboni.